Nimepata nafasi ya kujitolea kufundisha Kiswahili sekondari ya kijijini Uganda, niende au nisubiri ajira?

Mwl_Tabora aliandika:

Habari zenu wadau. Naombeni ushauri kwa wale mnaoishi Uganda au mliowahi kufundisha huko, maana hapa nyumbani kila ninayemuuliza ananijibu la kwake na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda.

Mimi ni mwalimu, nimemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) 2023, Kiswahili na Jiografia. Ajira zikitangazwa naomba, jina halitoki, kwa hiyo sa hivi nashinda na tuisheni ya watoto wa mtaani, hela ya kula inapatikana lakini moyo hautulii. Sasa kuna ndugu yetu mmoja anafanya biashara ya samaki upande wa Masaka, kaniunganisha na shule moja ya sekondari kijijini huko Rakai, wanafunzi kama 300, S1 mpaka S4 (yaani kidato cha kwanza mpaka cha nne), na mwalimu wa Kiswahili hawana hata mmoja. Mkuu wa shule anasema watanipa chumba, nitakula jikoni pamoja na walimu wenzangu, na wazazi watachanga kidogo kila muhula ili nipate hela ya sabuni na vocha. Mshahara hakuna. Wanataka niende mwezi wa sita, muhula wa pili, nikae hata miezi mitatu tu, na nifundishe kuanzia S1 mpaka S4 wote.

Maswali yangu ni haya. Miezi mitatu inatosha kumsaidia mtoto kweli au nitakuwa nimeenda kutembea? Kiganda sijui hata neno moja, nitaelewana nao vipi? Na vibali vikoje, maana kuna jamaa mwingine kanipigia anasema yeye ndiye anayesafirisha walimu wa kujitolea, nimtumie laki mbili ya usajili. Huyo simfahamu na wala mkuu wa shule hakumtaja.

Natanguliza shukrani.

---

MamaKulwa:

Mdogo wangu karibu, na kabla ya yote hiyo laki mbili usitume. Kama mkuu wa shule ameshakupigia mwenyewe na umeongea naye, huyo jamaa kaingilia wapi? Kaa nayo itakufaa nauli na neti.

Mimi nilifundisha vijijini Kyotera mwaka mzima wa 2022. Ule mwaka ulikuwa mgumu kwa sababu ya korona, Uganda shule zilifungwa Machi 2020 zikaja kufunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2022, karibu miaka miwili, sasa fikiria unaingia darasa la S2 unakuta kuna binti ameacha mtoto mchanga nyumbani kwa mama yake na kuna kijana alishazoea kulipwa hela ya kuchimba mchanga, na wote wamerudi wameshika daftari. Waliorudi walikuwa na kiu ya kusoma ambayo sijaiona tena mahali pengine.

Kuhusu lugha usiogope. Nikueleze siku moja tu utanielewa. Wiki ya pili nilikuwa nahangaika na ngeli, nimeandika ubaoni KI-VI, nimechora jedwali zuri kabisa kama nilivyofundishwa chuo, watoto wananiangalia tu. Nikamuuliza binti wa mbele, kwa Kiganda unasemaje hiki ni cha kwangu, nikanyoosha kitabu. Akasema ekitabo kyange. Na vikiwa vingi? Ebitabo byange. Nikaandika vile vile anavyosema, halafu chini yake nikaandika kitabu changu, vitabu vyangu. Darasa zima lilinyamaza kwanza, halafu kijana mmoja nyuma akasimama bila kuitwa akasema mwalimu, hii ni lugha yetu! Basi kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi, omwana wange mwana wangu, ennyama nyama, embuzi mbuzi, hata saa wanahesabu kama sisi, ssaawa bbiri ni saa mbili. Ngeli ambazo huku nyumbani tunawachapia watoto, wao wanazo mdomoni tangu wananyonya. Kwa hiyo usiende kule kama unapeleka kitu kigeni. Nenda ukitafuta kile walichonacho tayari.

Watakapokosea ni kwenye matamshi, na ukijua sababu hutakasirika. Kwao R inakuja baada ya E na I, kwingine ni L, ndiyo maana mtoto mwenye akili zake timamu ataandika "lafiki yangu anapenda erimu" na "kira siku". Na H hawana, utasikia "abari" na "apana". Mimi nilikuwa natenga dakika kumi kila asubuhi kwa hilo tu, wanarudia kwa sauti mpaka mwalimu wa Hesabu wa darasa la jirani anagonga ukuta.

Jambo jingine ni salamu. Wasichana wa Kiganda wakimsalimia mkubwa wanapiga magoti, mara ya kwanza nilishtuka nikataka kuwainua. Nilipowafundisha shikamoo nikawaambia wazee wetu wanasema asili yake ni kushika miguu, binti mmoja akasema basi sisi tunaisema kwa magoti. Nilibaki nayo hiyo mpaka leo. Wewe jifunze wasuze otya (umelalaje), osiibye otya (umeshindaje), weebale (asante), na ssebo (bwana) na nnyabo (mama), ukiyasema hayo sokoni tu hata bei ya matooke, ndizi zao za kupika, inashuka.

Wazazi wengine watakuuliza Oluswayiri, yaani Kiswahili, ni cha nini. Usiwajibu kwa ukali. Kwa wengi wao Kiswahili walikisikia kwanza kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, au kwa mwizi usiku, na Idi Amin ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, sasa unategemea wakipende? Na huko unakoenda ndiko jeshi letu lilikopita 1979, mji wa Masaka ulibomolewa vibaya kwenye vita ile ya kumng'oa Amin. Kuna mzee jirani na shule alinisimulia wale askari wa Tanzania, wao waliwaita Bakombozi, walipiga kambi kwenye migomba ya baba yake, na maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyojifunza akiwa mtoto ni "lete maji". Alikuwa anacheka akisimulia lakini alisema nyumba ya shangazi yake ilikwenda. Msikilize mtu kama huyo mpaka amalize, usianze kumfundisha historia.

Miezi mitatu haitoshi. Sitaki kukudanganya.

---

Njia_ya_Mutukula:

Naongezea ya karatasi tu maana napita pale mpakani kila wiki.

Beba pasipoti, sisi Watanzania hatuvuki kwa kitambulisho cha taifa kama Wakenya na Wanyarwanda wanavyofanya. Beba na kadi ya homa ya manjano, ya kweli, uliyochomwa sindano, siyo ya kununua. Kutoka Bukoba mpaka Mutukula ni kama kilomita 80, lami, na ukivuka unapanda gari za Kyotera na Masaka hapo hapo.

Kikubwa ni hiki. Mwananchi wa Afrika Mashariki akiingia anagongewa muhuri wa mgeni, unaweza kupewa hadi miezi sita bila kulipa. Watu wengi wanadhani huo muhuri ndio ruhusa ya kila kitu. Siyo. Huo ni wa kutembea, kufundisha hata bila mshahara kunahesabiwa ni kazi, kwa hiyo shule iandike barua na muombe kibali Uhamiaji mapema, maombi yanafanyika mtandaoni. Ukitaka kukaa muda mrefu kuna kusawazisha cheti chako pale NCHE, baraza lao la elimu ya juu, Kampala, na walimu wanasajiliwa wizarani. Mwambie mkuu wa shule aanze sasa. Akikwambia "njoo tu tutamalizana huku" mwambie hapana, kwa upole, maana siku likitokea la kutokea ni wewe unayelala mahabusu siyo yeye.

---

Ssalongo_Omusomesa:

Mwalimu mwenzangu nakusalimu. Mimi ni Muganda, Kiswahili nilikisomea Chuo Kikuu cha Kyambogo na nakifundisha mwaka wa kumi na moja sasa. Nyote mlioandika juu mmesema vizuri lakini kuna jambo mmeliruka na ndilo linaloniuma.

Huo mtaala mpya wa O-level, yaani S1 mpaka S4, ulianza 2020, Kiswahili ni lazima S1 na S2, kuanzia S3 mwanafunzi anachagua. Sasa sikiliza. Kulikuwa na shule jirani yetu, siitaji, walipata kijana wa kujitolea kutoka nje, kijana mzuri sana, anapiga gitaa, watoto wakampenda. Alifundisha S1, akapanda nao S2. Walipofika S3 wanafunzi 14 wakachagua Kiswahili kwa sababu yake yeye. Muhula wa pili wa S3 muda wake ukaisha, wakamfanyia sherehe, keki, watoto wakalia, akapanda ndege. Hakuna aliyekuja nyuma yake.

Bannange (jamani), wale 14 waliendelea kukaa kwenye kipindi cha Kiswahili kwenye ratiba bila mwalimu. Mwalimu wa Jiografia aliyewahi kuuza nguo Kisumu ndiye aliyekuwa anaingia kuwasomesha magazeti. Na kwenye mtaala huu siyo kama zamani kwamba mtoto anaweza kujisomea mwenyewe akaja kukaa kwenye mtihani wa UNEB, baraza letu la mitihani, mwisho basi. Asilimia 20 inatokana na kazi za darasani, kila sura ikiisha mwanafunzi anapewa hali ya maisha aifanyie kazi, aandike barua au atengeneze tangazo au ajadiliane na wenzake, mwalimu anampa alama anaziweka, asilimia 80 ndiyo mtihani. Zile alama za kijana yule zilikuwa kwenye kompyuta yake mpakato. Alienda nazo. Hakufanya kwa ubaya, hakuna aliyemwambia.

Nilikuwa nakwenda Jumamosi kwa boda, kilomita kumi na moja, natoa masomo ya ziada mpaka saa nane mchana halafu tunakula posho (ugali) na maharage pamoja. Tulianza upya kila kitu. Kuna binti alikuwa na daftari la S1 limefungwa kwa kamba ya migomba, ndani ana maneno yote ya yule mwalimu, hata utani wake ameuandika pembeni kwa penseli, akaniuliza mwalimu, atarudi lini? Mimi ningemjibu nini?

Kwa hiyo swali lako la miezi mitatu mimi najibu hivi. S3 na S4 usiwaguse. Usikubali hata mkuu wa shule akikubembeleza, maana mwezi wa sita S4 wameshajiandikisha kwa mtihani na mtihani wenyewe unaanza Oktoba. Chukua S1 na S2. Uje Februari mwaka unapoanza, uondoke Desemba unapofungwa. Na uwe na mwalimu wa pale pale, mwenyeji, anayekaa nyuma ya darasa kila kipindi chako, unamfundisha yeye kama unavyowafundisha watoto. Kama shule haina mtu wa namna hiyo basi hawahitaji wewe bado, wanahitaji kwanza kukaa kikao.

Na lingine la moyoni. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia walimu wa sayansi wenye digrii mpaka shilingi za Uganda milioni 4 kwa mwezi, sisi wa arts tukabaki pale pale, tukagoma, tukarudi darasani. Kiswahili ni arts. Vijana wetu wamemaliza Makerere na Kyambogo wana digrii ya Kiswahili wanaendesha boda. Ukija bure, hakikisha hukukalia kiti cha mmoja wao. Muulize mkuu wa shule, je, ulishatangaza nafasi hii? Kuna mwalimu wa Kiswahili hapa wilayani aliyeomba mkakosa hela ya kumlipa? Akiwepo, hiyo michango ya wazazi ni yake. Sisemi haya kukufukuza. Mtanzania kufundisha Kiswahili kwetu ni neema, matamshi yenu sisi hatuyapati popote, ila njoo kwa njia ambayo ukiondoka tusiwe na shimo.

---

Kitale_hadi_Lira:

Mimi Mkenya, nilijitolea Lira vijijini, kaskazini mwa Uganda, terms mbili. Nakubaliana na Ssalongo asilimia mia.

Nataka tu kuongeza kwamba hiyo mbinu ya mama Kulwa ya ekitabo kitabu inafanya kazi Buganda na upande wa magharibi, lakini mtu mwingine akisoma hapa asije akaipeleka Lango, huko Lira. Kilango si Kibantu kabisa, ngeli kwao ni kitu kipya kuanzia sifuri. Mimi nilikuwa natoka nao nje, tunashika mti, tunashika miti, tunabeba kiti kimoja halafu viti vitatu, mpaka mwili uzoee kabla ya mdomo. Ilichukua muda. Lakini huko nilikuta wazee wengi wanakijua Kiswahili kutoka jeshini, kuna mmoja alikuwa anakuja kusimama dirishani kwa darasa anasahihisha watoto kutoka nje.

Na fimbo. Uganda sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 imekataza kuchapa mtoto shuleni. Fimbo utaziona tu kwenye ofisi za walimu, utaambiwa hapa ndivyo tunafanya. Wewe usiishike. Wewe ni mgeni, na zaidi ya hiyo mtoto aliyechapwa kwa sababu ya kukosea "yangu" na "wangu" hafungui tena mdomo wake kuongea Kiswahili, hilo nililiona kwa macho yangu.

---

Mwl_Tabora:

Nimesoma zote mara mbili mbili, asanteni kwa kweli. Ya yule binti wa daftari imenikaa kifuani toka jana.

Ssalongo naomba nikuulize mzee wangu. Nikimwambia mkuu wa shule siji mwezi wa sita nakuja Februari, na S3 na S4 siwachukui, si ataona namringia? Maana mtu kanipa chumba na chakula halafu mimi ndiye ninayepanga masharti.

---

Ssalongo_Omusomesa:

Hataona hivyo ukimweleza sababu. Usianze na masharti, anza na kumuuliza, mkuu, mimi nikiondoka hawa watoto watabaki na nani? Halafu unyamaze umsikilize. Kama ni mwalimu kweli atakuwa anajiuliza swali hilo hilo kila usiku. Ongea pia na DOS, mkuu wa taaluma, ndiye mwenye ratiba na ndiye mwenye alama, mkuu wa shule ana mengi. Na alama uziandike kwenye daftari la shule kwa kalamu, libaki kabatini kwao.

---

Mwl_Tabora:

Wadau nimerudi na majibu. Nimeongea naye jana jioni karibu saa nzima, vocha yote imekwisha hapo. Mwanzoni alinyamaza kidogo nikadhani nimeharibu. Halafu akasema kuna mama mmoja mwalimu wa Historia pale shuleni, baba yake alikuwa askari, amekulia kambini kwa hiyo Kiswahili cha kuongea anacho ila hajawahi kukisoma darasani, na siku zote amekuwa akiomba apelekwe akasome. Akampa simu. Yule mama akanisalimia kwa Kiswahili cha jeshini chenye amri amri hivi, halafu akasema "mwalimu, kuja, mimi nakaa nyuma, nasoma na watoto."

Nafasi alishaitangaza mwaka jana, aliyeomba alikuwa mmoja akapata shule nyingine Mukono. Kibali wanaanza kushughulikia mwezi huu. S4 wanaendelea na masomo mengine, Kiswahili hakuna aliyekichagua, S3 watakaoingia mwakani pia hakitafunguliwa mpaka huyo mama awe tayari. Naenda Februari mpaka Desemba. Tuisheni hapa nitaendelea nayo mpaka Januari nijikusanyie nauli.

Yule jamaa wa laki mbili kapiga tena, nimemwambia shule imesema haimjui, akakata.

Sasa nisaidieni la mwisho, nibebe nini ambacho kule sitakipata kirahisi? Kamusi mbili ninazo.

---

MamaKulwa:

Hapo sasa umenifurahisha mdogo wangu. Nisalimie huyo mama sana, na kamusi moja iwe ya kwake, mwandikie jina lake ndani kabisa.

Bebea magazeti ya Kiswahili, hata ya zamani, hata yaliyofungiwa vitumbua, watoto wanayagombania maana kitu cha kusoma cha Kiswahili kijijini hakuna. Beba hadithi fupi fupi za watoto wa msingi za huku kwetu, S1 ndizo saizi yao. Neti, taa ya sola, na buti za mvua, kuanzia Machi njia ya kutoka barabarani kwenda shule inakuwa tope jekundu linavua viatu. Laini ya simu utasajili kwa pasipoti mjini Kyotera au Masaka, usingoje kufika kijijini. Ndizi usibebe.

---

Njia_ya_Mutukula:

Februari ukifika Bukoba nitafute humu, kama nitakuwa na safari nitakuvusha mpaka Kyotera.